Kazi Mseto katika Mji Mdogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanamhusu nani?

Yanamhusu mtu anayeishi, au anayefikiria kurudi kuishi, katika mji mdogo wa Uganda ambako hakuna ajira moja inayoweza kumlisha mwaka mzima, na ambaye angependa siku zake ziwe na maana zaidi ya kutafuta fedha za chakula. Mifano mingi imetoka Kasese, kwa sababu ndiko ninakoishi na ndiko nilikojifunza haya kwa wazee, kwa majirani na kwa makosa yangu mwenyewe. Mkazi wa Busia, Tororo, Masindi au Koboko atauona mji wake humu akibadilisha tu jina la mlima na jina la zao.

Kazi mseto ni nini, nayo ina tofauti gani na kubangaiza?

Neno nimelichukua shambani. Mkulima wa miteremko ya Rwenzori hupanda kahawa chini ya migomba na maharage katikati ya mistari, wala hafanyi hivyo kwa uhaba wa ardhi peke yake. Mgomba huipa kahawa kivuli, majani yake makavu hufunika udongo usikauke, na maharage huurutubisha udongo huo na kuwa tayari kuvunwa baada ya miezi mitatu hivi, ilhali mche wa kahawa humngojesha mwenyewe karibu miaka mitatu kabla ya kumpa buni za kwanza. Aliyepanda hivyo hula maharage msimu huu, hukata mikungu mwaka ujao, na kahawa inapoanza kuzaa humkuta bado ana nguvu za kuichuma.

Anayebangaiza leo huuza nyanya, kesho hubeba matofali, keshokutwa huendesha bodaboda ya mtu, na hakuna hata moja kati ya kazi hizo inayoachia nyingine ujuzi, mteja au akiba. Simdharau mtu huyo, maana wengi wetu tulianzia hapo na njaa haingoji mpango. Ila ni lazima tofauti ionekane. Mimi hujiuliza hivi: kazi ya kwanza ikikoma, je, ya pili itapungukiwa na kitu? Fundi cherehani anayeshona sare za shule, anayewafundisha wasichana ushonaji wakati wa likizo, na anayewauzia wasichana hao vitambaa vya kujifunzia, ana kazi tatu zilizoshikana mizizi. Ukimnyang'anya cherehani, zote tatu zitatikisika; ukimwongezea mteja mmoja wa sare, zote tatu zitanawiri.

Kwa nini ni hatari kutegemea kazi moja katika mji mdogo?

Kasese yenyewe ni jibu. Reli ya kutoka Kampala ilifika hapa mwaka 1956, hasa kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Shaba ilichimbwa katika bonde lile, ikapakiwa kwenye treni na kupelekwa Jinja kuyeyushwa. Watu walikuja kutoka sehemu nyingi kutafuta kazi mgodini, kukawa na nyumba za wafanyakazi, hospitali na shule, na kijana aliyeajiriwa Kilembe alihesabiwa kuwa ameshatoka kimaisha. Mwaka 1982 uchimbaji ukasimama. Wazee walionisimulia habari za mwaka ule hawazungumzii sana mshahara uliopotea. Huzungumzia jinsi asubuhi zilivyokuwa ndefu kwa mtu ambaye kwa miaka yote alijua kazi moja, chini ya mwajiri mmoja, katika nyumba isiyo yake. Waliosimama mapema, wanasema, ni wale ambao tayari walikuwa na shamba mlimani, au karakana ya kuchomelea vyuma, au mke mwenye kibanda sokoni.

Tusidhani kwamba hayo ni mambo ya wazee tu. Shule zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022, na walimu wengi wa shule za binafsi walikaa muda huo wote bila mshahara. Mto Nyamwamba ulivunja kingo zake Mei 2013, ukarudia tena Mei 2020. Juni 2019 wagonjwa wa Ebola walivuka kutoka Kongo na kuingia wilayani kwetu, na watu wanaoishi kwa biashara ya mpakani wakaanza kuhesabu siku kwa hofu. Mgodi, shule, mto na mpaka: kila kimoja kimewahi kumfungia mtu riziki katika mji huu huu.

Je, si bora niende Kampala?

Kwa baadhi ya watu ni bora, na sitaki kumdanganya mtu. Ikiwa taaluma yako inahitaji mitambo, wenzako na wateja wanaopatikana mji mkuu tu, nenda. Ikiwa unakwenda kujifunza fundi fulani anafanyaje kazi yake, nenda pia, ukijua siku ya kurudi. Lakini kama unakwenda kwa sababu tu huku hakuna ajira, piga hesabu kwanza ya kodi ya chumba, nauli ya kila siku na chakula cha kununua hadi kitunguu, kisha uilinganishe na mji ambao una kipande cha shamba la familia, unaenda kazini kwa miguu, na mteja anaweza kukukopesha au kukukopa kwa sababu anamjua mama yako. Kuna zaidi ya kilomita 300 kati yetu na Kampala. Umbali huo ni mzigo kwa mwenye kununua bidhaa, lakini ni kinga kwa fundi mzuri, kwa kuwa si rahisi mteja wake kusafiri kwenda kumtafuta mwingine.

Nianzie wapi?

Anza na kitu ambacho watu tayari wanakufuata. Chukua daftari, na kwa mwezi mmoja andika kila jambo unaloombwa na jirani, ndugu au mtu usiyemjua, hata kama hukulipwa. Nilipofanya hivyo nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja, na niliamini kwamba sina kingine cha kutoa. Daftari lilinionyesha vingine. Watu walinibishia hodi jioni niwasomee barua ya mahakama, niwajazie fomu ya kitambulisho, nimfafanulie mgonjwa aliyetoka ng'ambo ya mpaka namna ya kunywa dawa, nimwandikie mfanyabiashara makubaliano ya deni. Kwa muda mrefu nilikuwa nikiyaona hayo kuwa usumbufu unaonikatiza katika kusahihisha madaftari, kumbe ndiyo yaliyokuwa kazi yangu ya pili. Nikaweka meza barazani kila Jumamosi, nikapanga bei ndogo kwa wenye uwezo na kuwasaidia bure wasio nao, na ndani ya mwaka mmoja meza ile ikalipa karo ya mtoto.

Baada ya hapo, kazi inayofuata uichague kwa jinsi inavyofungamana na ile uliyo nayo. Inaweza kutumia chombo kile kile, au kuwahudumia wateja wale wale, au kupita njia ile ile. Jirani yangu mmoja, ambaye sisi sote tunamwita Mama Kahawa, hununua buni nyekundu kwa wakulima wadogo, huzimenya na kuzikausha kwenye vichanja vilivyoinuliwa kutoka ardhini. Kilo tano hivi za buni mbichi hutoa kilo moja ya kahawa kavu yenye ganda lake la ndani, kwa hiyo asiyejua kupima kwa uangalifu hupoteza faida yake kwenye mizani kabla kahawa haijafika kwa mnunuzi. Yeye anajua kupima. Msimu wa kahawa ukiisha, mizani ile ile na turubai zile zile hupokea maharage na mahindi, na wakulima wale wale humletea kwa sababu walishaona kwamba mizani yake haina hila. (Kwa yeyote atakayemwiga: usikaushe kahawa mahali palipokaushwa samaki. Kahawa hunyonya harufu, na mnunuzi ataigundua kabla hujafungua mdomo kujitetea.)

Mama huyu hakuanza na mambo matatu. Alianza na mizani.

Kazi ngapi zinatosha?

Kwa wengi ni tatu: moja ya kuleta fedha kila wiki, moja ya msimu, na moja inayokua polepole kama miti au nyumba ya kupangisha. Ukifika ya tano, angalia usingizi wako.

Mwaka wa kazi mseto unapangwaje?

Hapa ndipo wengi hushindwa, na si kwa uvivu. Wanapanga kwa wiki, ilhali mji mdogo huenda kwa misimu. Chora duara kwenye karatasi, uligawe miezi kumi na miwili, kisha uandike kwanza mambo ambayo wewe huyaamui.

Mvua zetu ni mbili, kuanzia Machi hadi Mei na kuanzia Septemba hadi Novemba, na hiyo ni miezi ya jembe. Wageni wanaopanda Rwenzori hupendelea miezi mikavu, Desemba hadi Februari na Juni hadi Agosti, kwa kuwa njia za mlimani zina tope zito hata jua likiwaka, sembuse wakati wa mvua. Kilele cha Margherita kina urefu wa mita 5,109, na kila anayekwenda huko huhitaji waongozaji na wapagazi, ama akianzia Nyakalengija kwa njia ya kati, ama akipitia Kilembe. Ziwa Katwe nalo hutoa chumvi nzuri jua linapokuwa kali, na mvua ikinyesha mashimo ya chumvi huharibika. Shule zina mihula mitatu, na kila muhula unapoanza kila nyumba mjini hukaukiwa na fedha kwa wakati mmoja. Anayefungua genge la vyakula vya anasa mwanzoni mwa Februari atajionea mwenyewe.

Sasa weka kazi zako ndani ya duara hilo. Kijana mmoja wa Kilembe ninayemfahamu hubeba mizigo ya wageni miezi mikavu, hulima mvua zinapoanza, na katikati hutengeneza pikipiki pamoja na kaka yake. Ukimtazama kwa wiki moja utadhani anatangatanga. Ukimtazama kwa mwaka utaona kwamba kila kazi inaingia pale nyingine inapopumzika, na kwamba fedha za mlimani ndizo zinazonunua mbegu, na mazao ndiyo yanayomwezesha kukataa mzigo unaozidi uzito ulioruhusiwa. Hilo la mwisho ni kubwa. Mwenye chakula ghalani anaweza kusema hapana.

Mtaji nitaupata wapi?

Mtaji wa kwanza ninaouamini ni ule unaotoka katika kazi uliyo nayo. Baada yake ni kikundi cha akiba na mikopo cha mtaani, ambacho watu ishirini au thelathini hukutana kila wiki, hununua hisa, hukopeshana, na kugawana mwishoni mwa mwaka. Faida yake kubwa, kwa maoni yangu, inazidi riba: watu wale hukujua kwa miezi mingi kabla hujaomba, na wewe unajifunza kuahidi kiasi unachoweza kukilipa.

Serikali nayo ilianzisha mwaka 2022 mpango wa maendeleo wa parishi (yaani eneo dogo la utawala, si la kanisa) unaofahamika kwa herufi PDM, ambao humkopesha mtu shilingi milioni 1 kupitia chama cha akiba na mikopo cha parishi yake kwa ajili ya mradi wa kilimo au ufugaji. Ukizipata, zitumie kukuza kitu unachokifanya tayari. Nimeona watu wakinunua nguruwe kwa sababu orodha ilisema nguruwe, nao hawajawahi kufuga hata kuku mmoja. Usilipe karo kwa fedha hizo, hata moyo ukikuuma. Karo ifuate faida.

Mkopeshaji anayekuomba umwachie kitambulisho chako cha taifa au kadi yako ya benki, mkimbie.

Je, ni lazima nijisajili na kulipa kodi?

Ukiwa na duka au karakana mjini utahitaji leseni ya biashara ya kila mwaka kutoka manispaa au halmashauri ya mji. Kuhusu kodi ya mapato ya biashara ndogo, viwango vilivyowekwa mwaka 2020 vinamwachilia kabisa mtu ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi milioni 10. Mauzo yakiwa kati ya milioni 10 na milioni 30, mwenye kutunza kumbukumbu hulipa asilimia 0.4 ya kiasi kinachozidi milioni 10, na asiyetunza hulipa shilingi 80,000 bila kujali aliuza kiasi gani ndani ya kiwango hicho. Fikiria sasa fundi aliyeuza kwa milioni 15: akiwa na daftari lake analipa shilingi 20,000, na asipokuwa nalo analipa mara nne ya hizo. Daftari la mauzo linagharimu chini ya soda moja.

Kwa mtu wa kazi mseto daftari lina faida nyingine, nayo ni kujua ni kazi ipi inayomlisha na ni ipi inayolishwa. Tenga kurasa kwa kila kazi. Ukichanganya fedha za kahawa na za cherehani kwenye mfuko mmoja, kazi mbovu itajificha nyuma ya kazi nzuri kwa miaka.

Vipi kuhusu uzee na ugonjwa, ikiwa sina mwajiri?

Hili ndilo pengo kubwa la maisha ya namna hii na halifai kufichwa. Mfanyakazi wa kuajiriwa huchangia asilimia 5 ya mshahara wake katika mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, NSSF, na mwajiri huongeza asilimia 10. Wewe huna wa kukuongezea. Hata hivyo, sheria iliyorekebishwa mwaka 2022 imefungua mlango kwa watu kuchangia kwa hiari, na pia imewataka waajiri wote wachangie hata kama wana mfanyakazi mmoja. Kwa hiyo kama moja ya kazi zako ni ya mshahara, iwe ni siku mbili kwa wiki, uliza michango yako iko wapi. Miti ya kahawa, mikaratusi na chumba cha kupangisha ni pensheni pia, ya kale zaidi kuliko mfuko wowote. Chama cha kuzikana cha kijiji usikiache hata ukiwa na fedha, kwa kuwa wale wanaokuja na kuni msibani ndio watakaokubeba hadi hospitali usiku.

Kiswahili kinanisaidia nini katika mji kama huu?

Kinasaidia kuliko wengi wetu tunavyokithamini. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kwamba kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Kati ya uamuzi na darasa kuna mwanya wa walimu, na mwanya huo ni kazi. Anayetaka kuingia kama mwalimu kamili ajue kwamba sera ya walimu ya mwaka 2019 imeweka shahada kuwa kiwango cha chini. Asiye na shahada bado anaweza kufundisha watu wazima jioni, wafanyabiashara, madereva, waongozaji wa watalii na watumishi wa nyumba za wageni.

Mwezi ule ule wa Julai 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikamilisha kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mpaka wa Mpondwe uko safari fupi kutoka mjini kwetu. Siku ya soko utasikia pale lugha ya Kikonzo pande zote mbili, maana ndugu waligawanywa na mstari wa ramani, na utasikia Kiswahili cha Kongo ambamo vitu huitwa "bintu". Usimcheke mtu kwa hilo, wala usimsahihishe. Nilipoanza kutafsiri huko nilikuwa na kiburi cha mwalimu wa sarufi, na wateja walinikwepa. Nilipojifunza kusikiliza kwanza na kuandika baadaye, nikiweka makubaliano yao katika Kiswahili ambacho ofisa wa forodha na mfanyabiashara wote wawili wangekielewa, ndipo walipoanza kunitafuta kwa jina.

Ni kosa gani lililokugharimu zaidi?

Vifaranga mia mbili. Jirani alifanikiwa kwa kuku, nami nikanunua vifaranga kwa fedha ya meza yangu ya barazani, bila banda linalofaa, bila kuwachanja kwa wakati, na bila mteja hata mmoja aliyeahidi. Kideri kiliingia wiki ya tano, na kwa siku nne nikawa nazika asubuhi na jioni. Watoto wangu walisaidia kuchimba mashimo na hawakuniuliza neno. Sikulaumu aliyeniuzia, kwa kuwa aliniambia kuhusu chanjo na mimi nikaona nitaifanya baadaye. Kuku si mradi mbaya. Kosa lilikuwa kwamba hakuna kitu katika maisha yangu kilichokuwa kimefungamana nao. Wasingenipa hata samadi ya maana, kwa sababu shamba langu liko mlimani na mabanda yalikuwa mjini.

Watu husema, "Huyu hana kazi maalumu." Niwajibuje?

Usiwajibu kwa maneno. Katika mji mdogo jina hujengwa kwa kutimiza ahadi ndogo: sare imekamilika siku uliyosema, mizani haikudanganya, barua imeandikwa kama mwenyewe alivyotaka. Ila ni vizuri uwe na sentensi moja ya kujitambulisha. Mimi husema, "Nawasaidia watu kwa maandishi na lugha, na ninalima kahawa." Mkwe wangu alihitaji miaka miwili kuizoea sentensi hiyo. Siku alipohitaji hati ya shamba isomwe neno kwa neno, alikuja mwenyewe barazani, akakaa kwenye foleni ya Jumamosi kama wengine, na tangu hapo hajauliza tena kazi yangu ni nini.

Je, haya yote yanamfaa mwanamke mwenye watoto?

Wanawake ndio walimu wa kazi mseto. Ukisimama asubuhi karibu na soko utawaona: ametoka shambani, amemwacha mtoto shule, anauza mboga, na mchana atafuma mikeka. Shida yao ni kwamba kazi ya nyumbani, ambayo ni nzito kuliko zote, haihesabiwi kuwa mojawapo, kwa hiyo wanapoambiwa wawe na kazi tatu wanakuwa na nne au tano. Naona ni haki, kabla ya familia kuongeza mradi wowote, mume na mke wakae na lile duara la mwaka na waandike humo maji, kuni, mapishi na uuguzi, pamoja na majina ya wanaofanya. Katika nyumba yangu zoezi hilo lilibadilisha nani anateka maji. Na jina la mkopaji likiwa la mwanamke, fedha ziwe mkononi mwake pia.

Nitapataje kusudi la maisha katika haya yote?

Swali hili huulizwa zaidi na vijana waliomaliza chuo na kurudi nyumbani, na huulizwa kwa sauti ya chini, kana kwamba kurudi ni aibu. Nitajibu kwa jinsi nilivyoona, si kwa jinsi inavyohubiriwa.

Nilipokuwa na kazi ya darasani peke yake nililitafuta kusudi ndani ya kazi hiyo, na wiki ambayo wanafunzi walifeli nilijiona mtu bure. Kazi zilipokuwa tatu, niligundua kwamba kusudi langu halikai ndani ya hata moja. Linapita katikati yake kama mfereji wa umwagiliaji unaopita mashamba ya watu mbalimbali. Darasani ninamfundisha kijana kuandika. Barazani ninamwandikia baba yake. Msimu wa kahawa ninasimama karibu na mizani na kumsomea bibi yake tarakimu kwa sauti. Ni jambo moja: watu wasidhulumiwe kwa sababu ya kutojua kusoma. Sikulijua jambo hilo nilipoanza. Lilijitokeza baada ya miaka kadhaa, nilipolifungua tena lile daftari la kwanza na kuona kwamba karibu kila ombi lilihusu karatasi ambayo mtu aliiogopa.

Kwa hiyo simshauri kijana akae akilitafuta kusudi kabla ya kufanya kazi. Namshauri afanye, aandike, na asome alichoandika. Fundi anaweza kugundua kwamba kusudi lake ni kutotupa kitu, mwongozaji wa wageni kwamba ni kuulinda mlima, muuza dawa kwamba ni watoto. Na wapo ambao kusudi lao ni kuwalea walio nyumbani, na kazi zote ni kuni za moto huo. Hawapungukiwi na chochote.

Mji mdogo una fadhila yake hapa. Unakutana na matokeo ya kazi yako barabarani. Dirisha ulilotengeneza unalipita kila siku, na mtoto uliyemfundisha herufi anakuamkia akiwa amevaa sare ya unesi.

Nitajuaje wakati wa kuiacha mojawapo ya kazi?

Kuna dalili mbili ninazoziheshimu. Ya kwanza ni daftari: ikiwa kwa misimu miwili mfululizo kazi hiyo imelishwa na nyingine, imekwisha. Ya pili ni mwili. Mimi niliendesha bodaboda miaka minne, alfajiri kabla ya shule, na ililipa vizuri hadi mgongo ulipokataa.

Usiiache ghafla. Maliza madeni, waambie wateja tarehe, na utafute wa kumkabidhi, kwa kuwa katika mji mdogo huduma inayokatika huacha mtu amesimama njiani. Pikipiki yangu nilimwuzia kijana wa mtaani kwa malipo ya miezi kumi, na kabla ya kumpa ufunguo nilizunguka naye alfajiri kwa wiki nzima, nikamwonyesha geti la muuza maziwa, nyumba ya mwalimu mkuu, na pembe ambayo nesi mmoja hungojea usafiri wa kwenda zamu ya asubuhi. Amekwishamaliza kulipa. Nesi yule bado hachelewi.